Pumba za Mahindi kwa Bata: Kwanza Tazama Mahindi

Ndugu wakulima wa skimu, mahindi yenu yakifika Nairobi hayatupwi hata ganda. Huko Kibera na Kawangware mashine ya posho hukoboa mahindi, unga mweupe ukaenda dukani, na pumba pamoja na viini vikauzwa rahisi. Wafugaji wa bata wa nyama huzichanganya na omena iliyosagwa na maji kidogo, kwani pumba peke yake hazijengi nyama. Bata hachagui sana, na hilo ndilo linalomponza.

Mahindi yaliyowekwa yakiwa mabichi huota kuvu, na sumu ya kuvu hukaa zaidi katika pumba na viini kuliko katika unga uliokobolewa. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yenye kuvu. Vifaranga wa bata walikufa vivyo hivyo Kenya na Uganda. Kifaranga wa bata huishindwa sumu hiyo upesi kuliko wa kuku. Nasi binadamu hatukusalimika: mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui.

Basi anayenunua pumba na aone mahindi kabla hayajasagwa. Zenye uvundo azikatae; kuzianika upya au kuzipika hakuondoi sumu. Nanyi mnaosaga kwenu, kausheni mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, ndipo myatie guniani.