Mwenye Shibe na Mwenye Njaa: Utangulizi

Karibu, mwanafunzi, kwenye taaluma inayobishana na methali. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tunajaribu kumjua, na kila tukikaribia tunaona kwa nini walisema vile.

Tuanze na neno lenyewe, njaa. Mtoto akitoka shule husema ana njaa. Jioni redio hutangaza kuwa njaa imeingia wilaya fulani. Neno moja, mambo mawili. Ile ya kwanza huisha kwa sahani ya wali. Hii ya pili, sahani hiyohiyo yaweza kuua: mwili uliokonda kwa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya damu huvurugika na moyo ukasimama. Ndiyo maana wodini mtoto mwenye unyafuzi, ambaye ukimbonyeza mguu alama ya kidole hubaki, huanzishiwa maziwa mepesi ya tiba yaitwayo F-75, kidogo kidogo, usiku na mchana.

Mlango wa kwanza wa taaluma hii, basi, ni mwili. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys alipokea vijana 36 waliokataa kushika silaha vitani wakajitolea kushinda njaa kwa ajili ya utafiti. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichozoea, na uzito wao ukapungua kwa karibu robo. Mbavu zilitokeza, miguu ikavimba. Akili nayo haikusalimika: walilamba sahani, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakanuniana kwa mambo madogo. Njaa ilikuwa imewabadilisha tabia.

Mlango wa pili ni soko. Katika kitabu chake cha mwaka 1981, mwanauchumi Amartya Sen aliichambua njaa ya Bengal, India, ya mwaka 1943, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3. Hoja yake ni kwamba mchele haukupungua kiasi cha kueleza vifo vile. Bei ilipaa, ujira wa vibarua na kipato cha wavuvi vikabaki chini. Chakula kilikuwapo, uwezo wa kukipata ndio uliokosekana.

Mlango wa tatu ni historia, na huu uko nyumbani. Wagogo wa Dodoma waliipa jina la Mtunya njaa iliyowakumba mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha chukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta ghala tupu.

Kwa hiyo ukisikia "njaa imeingia", usiulize mvua peke yake. Uliza bei ya debe la mahindi, uliza nani kauza mbuzi wake wa mwisho, uliza nani alipita kabla ya ukame.

Tena usome kwa unyenyekevu. Mwaka 1942 madaktari Wayahudi waliofungiwa na Wanazi katika ghetto la Warsaw, Poland, waliwapima wagonjwa waliokuwa wakifa kwa njaa: damu, moyo, macho. Matokeo yao yalichapwa mwaka 1946, wakati wengi wao wameshauawa. Wakati wa kupima, nao walikuwa na njaa.