Mali Bila Daftari: Je, Kuku wa Uani Wana Faida?

Limekuwa jambo la kawaida siku hizi kwamba kila mtumishi anayekaribia kustaafu, na kila kijana aliyemaliza masomo bila ya kupata ajira, huambiwa neno moja: fuga kuku. Neno hilo husemwa majukwaani, husemwa katika vikundi vya kuweka na kukopa, na husemwa kwa sauti kubwa zaidi na wale wanaouza vifaranga na chakula cha kuku. Ni neno jepesi kulitamka, na ndani yake mna kweli. Lakini wapo watu waliochota sehemu ya kiinua mgongo chao wakajenga banda, wakalijaza kuku, na baada ya mwaka mmoja banda limebaki tupu na fedha hawajui ilipokwenda. Wapo na wengine, hasa akina mama wa vijijini, ambao hawakujenga banda la matofali wala hawakununua hata mfuko mmoja wa chakula, na watoto wao wamevaa sare za shule kwa fedha ya kuku. Kwa hiyo yafaa swali liulizwe bila ya ushabiki: je, kuku wachache wa uani wanaweza kuleta faida ya kweli?

Jibu letu ni kwamba wanaweza, lakini faida hiyo haikai mahali ambapo wengi huitafuta. Wengi huitafuta katika wingi wa mayai na wingi wa vichwa. Kwa mfugaji mdogo faida imo katika mambo mawili tu: gharama ndogo, na vifaranga wasiokufa. Hilo tulithibitishe kwa hesabu, kwani wahenga walikwisha kutuusia kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

KUKU WA MAYAI

Tuanze na kuku wa kisasa wa mayai, yule anayenunuliwa akiwa kifaranga wa siku moja na kufugwa ndani ya banda. Kuku huyu huanza kutaga akiwa na umri wa miezi mitano hivi. Kabla ya hapo kazi yake ni kula, na hata afikie yai lake la kwanza atakuwa amekwisha kumaliza kilo 7 au 8 za chakula. Akianza kutaga hula gramu 110 hadi 120 kila siku, atage asitage. Akitunzwa vyema huweza kutoa mayai 250 hadi 300 kwa mwaka. Katika mabanda mengi ya uani, ambako maji husahauliwa na chakula hubadilishwa kila bei inapopanda, idadi hiyo haifikiwi.

Kwa kuwa bei hazikai mahali pamoja, ni bora tuhesabu kwa mayai yenyewe kuliko kwa shilingi. Kila mtu aulize sokoni kwake: kilo moja ya chakula cha kuku ni sawa na bei ya mayai mangapi? Tuchukue kwa mfano kwamba yai moja ni shilingi 300, na kilo ya chakula ni shilingi 1,200. Basi kilo moja ni mayai 4. Kuku 20 hula kilo 2 na nusu kasorobo kwa siku, yaani thamani ya karibu mayai 10. Wakitaga kwa wastani mayai 14, yanabaki 4, na kwa mwaka mzima ni mayai 1,460. Msomaji asifurahi mapema. Kuku hao 20 walipokuwa wakikua walikula kilo 160, ambazo ni mayai 640. Ikiwa kila kifaranga alinunuliwa kwa thamani ya mayai 7, hayo ni mayai 140 mengine. Yanabaki mayai 680, ambayo kwa siku hayafiki mawili.

Na bado hatujataja mbao na bati za banda, mkaa wa kuwapasha vifaranga joto, maranda ya sakafuni, chanjo, dawa, wala kuku waliokufa. Ni kweli kwamba kuku wakongwe wakiuzwa mwishoni hurudisha fedha, lakini aghalabu fedha hiyo huishia kuziba mapengo hayo tuliyoyataja. Sasa tuseme utagaji umeshuka kutoka mayai 14 hadi 10, kwa sababu ya ugonjwa, au joto, au chakula hafifu. Kuku watakula thamani ya mayai 10 na kutaga mayai 10. Hapo kuku wanajilisha wenyewe, na mwenye banda amekuwa mtumishi wao asiye na mshahara.

Hatusemi kwamba ufugaji wa mayai hauna faida popote. Mwenye kuku 2,000 hununua mahindi wakati wa mavuno na kuchanganya chakula mwenyewe, na ana wateja wa kudumu. Aliye karibu na viwanda vya kukamua alizeti, kama vile Singida na Dodoma, naye hupata mashudu kwa bei nafuu, na akiyachanganya kwa kipimo na pumba, dagaa, chokaa na chumvi huweza kupunguza gharama. Lakini mwenye kuku 20 anayenunua chakula kwa kilo dukani amejitwika gharama za mfugaji mkubwa, huku akipata mapato ya mfugaji mdogo. Huo ndio mtego walionasa wastaafu wengi.

KUKU WA KIENYEJI

Tumtazame sasa kuku wa kienyeji, ambaye watu wa mjini humdharau hata wanapokuwa tayari kumlipia zaidi. Huyu hutaga mayai machache, 10 hadi 15 kwa mkupuo, na kwa kawaida mikupuo mitatu kwa mwaka. Kwa mwenye kutazama mayai tu, huyu ni kuku wa hasara. Lakini hutafuta sehemu kubwa ya riziki yake mwenyewe: wadudu, majani, makombo ya nyumbani na punje zilizomwagika kinuni. Huatamia siku 21 bila ya umeme wala mafuta ya taa, na hulea vifaranga vyake mwenyewe. Soko lake nalo humfuata mlangoni. Katika mikoa ya kati wachuuzi hupita vijijini kwa baiskeli na pikipiki wakikusanya kuku, huwapakia katika matenga, na barabara kuu huwafikisha Dar es Salaam, ambako mlaji hulipa zaidi kwa kuku wa kienyeji kuliko kwa kuku wa nyama wa kisasa.

Basi hasara yake iko wapi? Iko katika vifaranga. Kuku akiangua vifaranga 10 na kuachiwa azurure navyo tangu siku ya kwanza, si ajabu baada ya miezi miwili kukuta vimebaki 3. Wengine wamechukuliwa na mwewe, kunguru, nguchiro na paka, na wengine wamekufa kwa mvua, baridi na njaa. Mwenye nyumba husema ni kazi ya Mungu, naye anasubiri mkupuo mwingine. Kwa mikupuo mitatu kuku huyo ameangua vifaranga 30, vikapona 9. Mwenye matetea 5 atapata kuku 45 kwa mwaka.

Mfugaji huyo huyo akiwafungia vifaranga ndani ya tenga au chumba kidogo kwa wiki nne za kwanza, akawapa maji safi, pumba zilizochanganywa na dagaa, na mchwa aliowategea kwa chungu chenye samadi, huweza kuponya 6 au 7 katika kila 10. Tuseme 6. Matetea yale yale 5 yatampa kuku 90. Hakuongeza tetea hata moja, hakukopa, hakujenga jumba. Ameacha tu kupoteza mali aliyokwisha kuipata. Isitoshe, vifaranga wakitengwa na mama yao baada ya wiki hizo, mama hurudi kutaga mapema.

Siku hizi wapo pia kuku chotara, kama vile Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa. Hawa hukua haraka na hutaga zaidi ya wa kienyeji. Lakini hula zaidi, na aghalabu hawaatamii. Anayewataka asiwafukuze matetea wake wa kienyeji, kwani hao ndio watakaomwangulia mayai.

MDONDO NA JIRANI

Hesabu zote hizi hufutwa kwa wiki moja na mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambao umeupa jina lake la kitaalamu. Hauna dawa. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kuua kuku 8 au 9 katika kila 10, na pengine usibakize hata mmoja. Mama aliyepanga kuuza majogoo mawili mwezi ujao ili alipe mahitaji ya shule huamka asubuhi na kukuta hana kitu.

Kinga yake ipo na ni rahisi. Chanjo iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitafitiwa Australia, na ambayo hapa nchini ilianza kutengenezwa katika maabara ya mifugo ya Temeke, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa bado yapasa itunzwe mahali pa baridi na isipigwe jua. Hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kuku ambaye ugonjwa umekwisha kumshika haimponyi. Kwa hiyo huchanjwa aliye mzima.

Hapa pana jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulimaliza peke yake. Chupa moja ya chanjo huwa na matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikifunguliwa haiwezi kuwekwa kwa siku nyingi. Kuku wa uani nao hawajui mipaka. Hula kwa jirani na hulala kwao. Anayechanja peke yake hulipa chupa nzima, na nusu yake huimwaga. Nyumba kumi zikichangia chupa moja na kuchanja siku moja, kila nyumba hulipa kidogo na mtaa mzima hukingwa. Faida ya kuku wa uani, kwa hakika, hutegemea ujirani kama inavyotegemea chakula.

Hali kadhalika, ipo tabia ya kukimbilia kuuza kuku mara tu dalili za ugonjwa zinapoonekana. Muuzaji huona ameokoa fedha kidogo. Lakini tenga la mchuuzi huubeba ugonjwa huo hadi kijiji cha pili na cha tatu, na msimu ujao humrudia yeye mwenyewe. Kuku mgonjwa hauzwi, na mzoga huzikwa au huchomwa moto.

JASHO LA NANI?

Yapo mambo mawili ambayo wafugaji wetu husahau kuyaandika. La kwanza ni kazi. Anayeteka maji ya kuku, anayefagia banda na kufungua matenga alfajiri, aghalabu ni mama na watoto kabla hawajakwenda shule. Jasho hilo halionekani katika hesabu, na kwa hiyo faida huonekana kubwa kuliko ilivyo. Tena ni jambo linalojulikana kwamba kuku wakiwa watano huitwa kuku wa mama. Wakifika hamsini na mchuuzi akaja na noti mkononi, baba hutoka ndani na kuwa mfugaji. Nyumba inayofanya hivyo itaona kuku wakipungua tena, kwani hakuna mtu anayetunza kwa moyo mali ambayo hatakabidhiwa bei yake. Mwenye jasho ndiye ashike daftari, na ndiye ashike fedha.

La pili ni kile kinacholiwa. Yai analopewa mtoto, na kuku anayechinjwa mgeni anapofika, si hasara. Ni mapato ambayo familia imeyala badala ya kuyauza, na yaandikwe hivyo. Mbolea inayokwenda bustanini nayo ni mapato. Asiyeyaandika haya atadhani kuku wake hawana faida, na atawauza wote kwa bei ya kutupa.

Daftari lenyewe halihitaji elimu kubwa. Daftari la shule lenye safu nne latosha: kilichotoka, kilichoingia, kilicholiwa, na kilichokufa pamoja na sababu ya kifo. Mwisho wa mwezi lijumlishwe. Safu hiyo ya nne ndiyo itakayomwambia mfugaji ukweli kuliko mshauri yeyote, kwani atakayeona vifaranga 12 vimekufa kwa mwezi mmoja hatakimbilia kununua vingine 50.

Kwa hiyo wito wetu ni huu. Anayetaka kuanza, aanze na matetea 5 na jogoo mmoja wa damu ya mbali, na asiongeze hata mmoja mpaka daftari la mwaka mmoja limruhusu. Anayeshika kiinua mgongo asikitumbukize bandani kabla hajajua kilo ya chakula ni mayai mangapi. Nazo serikali za vijiji na mitaa, pamoja na maafisa mifugo wa kata, zitangaze siku maalumu za chanjo, tatu au nne kwa mwaka, na zisimamie siku hizo kwa uzito ule ule zinaosimamia michango mingine. Kazi hiyo haingoji mfadhili. Inangoja chupa moja ya chanjo, nyumba kumi zilizoelewana, na mtu mmoja wa kuwakumbusha wenzake tarehe.