Zana za Vita (2): Brigedi ya Deraya na Barabara ya Kisangani

Safari iliyopita tulikiangalia kifaru kimoja, T-55, na wanne walio ndani yake: kamanda, mlenga shabaha, mpakiaji na dereva. Leo tuvipange vingi. Kwa mpango wa Kisovieti, vifaru vitatu ni platuni, kumi ni kombania, 31 ni batalioni. Brigedi hupewa batalioni kadhaa za vifaru, pamoja na askari wa miguu ndani ya magari ya deraya, kwa sababu kifaru peke yake hakimwoni aliyejibanza kichakani hatua chache tu ubavuni mwake.

Anayeishia hapo amehesabu mizinga, brigedi bado. T-55 hunywa karibu lita 200 za dizeli kwa kilomita 100. Batalioni moja, basi, lita 6,200, na hapo barabara ni nzuri. Ndiyo maana brigedi huburuta malori ya mafuta, mafundi, magari ya kuvuta vilivyokwama, na wahandisi wa medani wenye madaraja yao. Tani 36 hazipiti juu ya magogo yanayomudu lori la mihogo.

Kisangani iliwahi kuendewa na brigedi ya aina hii, walau kwa jina. Mwaka 1964, mji ukiitwa bado Stanleyville na waasi wa Simba wakiushikilia tangu Agosti, serikali ya Kongo mjini Léopoldville ilituma Brigedi ya 5 ya jeshi lake, iliyoitwa ya mitambo, chini ya Mbelgiji, Kanali Frédéric Vandewalle. Mitambo gani? Ferret za Kiingereza, vigari vya magurudumu manne vyenye bombomu. Na Scania-Vabis za Uswidi zilizoachwa na askari wa Umoja wa Mataifa, yaani chasisi ya lori iliyovikwa chuma. Wengine, Wakongo na mamluki, walipanda jipu na malori ya kawaida.

Kindu iliangukia mikononi mwao tarehe 5 Novemba. Mtihani ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 24, katika barabara ya Lubutu: mvua, giza, mashambulizi ya kuvizia. Msituni safu haina pa kutawanyikia. Gari la mbele likisimama, yote yamesimama. Mike Hoare, mkuu wa mamluki, aliamuru wasubiri kupambazuke.

Saa kumi na mbili asubuhi Wabelgiji 320 waliruka kwa miavuli kutoka ndege tano za Marekani aina ya C-130 na kuuteka uwanja wa ndege. Katikati ya mji, baadhi ya mateka walioshikiliwa na waasi walipigwa risasi kabla hawajafikiwa. Brigedi iliingia karibu saa tano.

Juma lijalo: wahandisi wa medani.