Barabara Hupimwaje Kabla Greda Halijafika

Katika mikutano ya vijiji, hoja moja kuhusu barabara hujirudia karibu kila mwaka. Mwananchi husimama na kueleza kwamba greda limepita katika barabara ambayo magari yalikuwa yakipita bila shida, ilhali barabara ya kwao, ambayo mvua imeichimba hadi abiria wa bodaboda hulazimika kushuka na kusaidia kusukuma, haikuguswa. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Anayeitoa ana mgonjwa wa kufikisha zahanati, au ana magunia ya korosho yanayotakiwa kufika ghala la chama cha msingi kabla ya mnada. Jibu lake limo katika kazi ambayo wananchi wengi hawaioni ikifanyika, nayo ni upimaji wa hali ya barabara.

Kwanza ieleweke nani anapima nini. Tangu Julai 2017, barabara za wilaya zilizokuwa chini ya halmashauri zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Barabara kuu na za mkoa, kama ile inayotoka Mtwara kupitia Mnivata, Tandahimba na Newala hadi Masasi, ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS. Halmashauri haina tena greda lake wala fungu la matengenezo ya barabara kama zamani, ingawa malalamiko bado huletwa kwenye milango ya ofisi zake. Kilichobaki mikononi mwa madiwani ni kujadili vipaumbele na kuvifikisha TARURA, na diwani anayejua namna barabara inavyopimwa huvitetea vizuri zaidi kuliko anayepaza sauti tu.

Upimaji wa kawaida huanza kwa macho na miguu. Mhandisi au fundi sanifu hupita barabara nzima, akiigawa katika vipande vifupi, na kwa kila kipande huandika aina ya tabaka la juu, upana wake, hali ya mitaro na makalavati, pamoja na kasoro zilizopo. Mwishowe kipande hupewa daraja: kizuri, cha wastani au kibaya. Taarifa hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa TARURA uitwao DROMAS, ambao husaidia kupanga kazi na kukadiria gharama.

Katika barabara ya lami, kasoro zina maana tofauti, na hapo ndipo utaalamu ulipo. Ufa mmoja mrefu si jambo la kutisha ukizibwa mapema. Nyufa zilizoungana zikafanana na ngozi ya mamba ni habari nyingine, kwa kuwa zinaonyesha kwamba msingi ulio chini ya lami umechoka, na kiraka cha juu hakitadumu. Mabonde mawili marefu yanayofuata njia ya magurudumu hupimwa kwa kulaza ubao ulionyooka wenye urefu wa mita mbili na kuangalia nafasi iliyobaki chini yake. Shimo, ambalo wananchi hulilalamikia kuliko vyote, mara nyingi ndilo dalili ya mwisho: maji yalikwisha kuingia kwenye ufa miezi mingi kabla.

Barabara ya changarawe hupimwa kwa jicho jingine. Swali kubwa ni unene wa changarawe iliyobaki. Tabaka la milimita 150 huweza kupoteza milimita 20 hadi 30 kwa mwaka kutokana na upepo, mvua na magurudumu, kwa hiyo baada ya miaka mitano au sita udongo wa asili hubaki wazi. Mpimaji pia huangalia kama mgongo wa barabara bado umeinuka katikati. Barabara iliyolala bapa hugeuka mfereji, hata kama haina shimo hata moja siku ya ukaguzi.

Udongo wenyewe huamua mengi. Kuelekea Msimbati na ukanda wa Mnazi Bay mchanga ni mwingi, na gari hukwama zaidi kiangazi mchanga unapokauka na kulegea. Katika bonde la Mto Ruvuma, kuelekea Kilambo, hali hugeuka kinyume: udongo wa mfinyanzi huwa mgumu kama jiwe wakati wa jua, kisha hunywa maji na kulainika mvua zinapoanza. Barabara mbili zilizojengwa kwa kipimo kimoja katika maeneo hayo hazizeeki kwa mwendo mmoja.

Ili kujua nguvu ya udongo bila kuchimba mashimo makubwa, wahandisi hutumia fimbo ya chuma yenye ncha ya koni. Nyundo ya kilo 8 huachiwa ianguke kutoka kimo cha milimita 575, na baada ya kila pigo husomwa ncha imezama kiasi gani. Ikizama milimita chache, msingi ni imara. Ikizama kama kisu kwenye papai, barabara hiyo haiwezi kubeba lori la korosho hata ikimwagiwa changarawe mpya. Chombo hiki ni cha bei nafuu, watu wawili au watatu wanatosha kukitumia, na kwa barabara za vijijini huenda kikaleta faida kubwa kuliko mitambo mingi ya fahari.

Kwa barabara kuu vipo vipimo vikubwa zaidi. Kinachotajwa mara nyingi ni kipimo cha kimataifa cha mparuzo wa barabara, kilichotokana na majaribio yaliyofanyika Brazili mwaka 1982 kwa ushirikiano na Benki ya Dunia. Hueleza mtikisiko wa gari kwa mita katika kila kilometa: sifuri ni uso usio na kasoro yoyote, lami mpya huwa karibu na 2, na barabara ya vumbi yenye mashimo huvuka 10. Siku hizi hata simu janja iliyofungwa imara ndani ya gari inaweza kutoa makadirio ya mtikisiko huo.

Vipimo hivi vyote hufuatilia maadui wawili: maji na uzito. Kuhusu uzito, somo kubwa lilipatikana karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, ambako malori yaliendeshwa mfululizo juu ya barabara za majaribio. Ilibainika kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na mzigo, bali hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 huichosha barabara kama ekseli ya tani 1 ikipita mara 10,000. Ekseli hiyo ya tani 10 ikizidishiwa tani 2 tu, uharibifu huwa zaidi ya maradufu. Ndiyo maana Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini tarehe 1 Machi 2019, huweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na pia ukomo wa kila ekseli. Kwa mkoa unaopokea malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga kwenda Bandari ya Mtwara, pamoja na ya saruji na korosho, hesabu hiyo ni ya kila siku.

Sasa hoja ya mwananchi inaweza kujibiwa. Barabara iliyo nzuri au ya wastani hutunzwa kwa gharama ndogo. Ikiachwa ikafa, hujengwa upya kwa gharama ya mara nyingi zaidi. Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilieleza kwamba matengenezo ya dola bilioni 12 yaliyofanywa kwa wakati yangeliokolea bara la Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya katika muongo uliotangulia. Fedha za Mfuko wa Barabara, zitokanazo hasa na tozo ya petroli na dizeli, hazitoshi kila mahali, hata baada ya nyongeza ya shilingi 100 kwa lita iliyoelekezwa TARURA mwaka 2021. Greda linapopita barabara ambayo bado ni nzuri, linaizuia isiingie kundi la mbaya.

Hata hivyo hesabu hiyo ikifuatwa peke yake ina ukatili wake. Kijiji ambacho barabara yake ilikwisha kuharibika kinaweza kusubiri miaka mingi, kwa kuwa kila mwaka zipo barabara nyingine ambazo ni nafuu kuziokoa. Njia ya kati ni matengenezo ya maeneo korofi. Mara nyingi barabara ya kilometa 12 haifungwi na kilometa zote 12, bali na mita 200 za bondeni na kalavati moja lililozibwa. Mpimaji akizitambua mita hizo na kuziandika kwa usahihi, gari la wagonjwa linaweza kupita masika yote kwa sehemu ndogo ya gharama ya barabara nzima.

Tatizo ni kwamba mita hizo hazijionyeshi Agosti. Ukaguzi wa kiangazi huonyesha vumbi na mashimo, lakini haumwonyeshi mpimaji mahali maji yanaposimama au yanapokatiza. Mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na hiyo ni barabara kuu ya lami. Kwa barabara ndogo, shahidi wa kuaminika ni mkazi aliyekuwepo siku ya mvua.

Kwa sababu hiyo, taarifa za wananchi zina nafasi yake katika upimaji. Taarifa inayofaa hutaja jina la barabara, kitongoji, alama iliyo karibu kama shule au mwembe, tarehe, na idadi ya siku ambazo magari hayakupita. Picha ya simu iliyopigwa maji yakiwa bado yamesimama huongeza nguvu. Ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, naye aifikishe kwa diwani na kwa Meneja wa TARURA wa wilaya. Wakati mzuri ni kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiendelea, wala si baada ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, kwa maana wakati huo mipango huwa imekwisha kupitishwa.

Jambo moja jingine haliwahitaji wahandisi. Katika kaguzi, mitaro mingi hukutwa imezibwa kwa magogo ya mnazi yaliyowekwa ili kuvukia kwenda nyumbani, au kwa udongo uliotupwa kutoka shambani. Anayehitaji kivuko aiombe ofisi ya kijiji imwonyeshe namna ya kuweka bomba chini yake, na waliokwisha kuweka magogo wayaondoe kabla ya mvua za Novemba.