Muuguzi anayekupa dawa ya saratani amesomea nini?

Daktari bingwa wa saratani huonana nawe kwa dakika chache na kuandika dawa. Anayekutafutia mshipa, kukufungulia dripu ya tibakemikali na kuitazama inavyoingia ni muuguzi. Kwa hiyo, unapoanza matibabu au unapompeleka mwanao, una haki ya kuuliza kama muuguzi huyo amefundishwa kazi hiyo.

Kuuliza hivyo si kumdharau mtu. Hapa nchini kila muuguzi anapaswa kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kuwa na leseni hai, na anatakiwa aendelee kujifunza akiwa kazini. Hata hivyo, leseni inakuhakikishia kwamba huyu ni muuguzi. Kujua dawa za saratani ni elimu ya ziada juu ya ile ya chuo.

Kuna nchi ambako elimu hiyo ina cheti chake. Marekani, muuguzi wa saratani anaweza kufanya mtihani maalumu, na wauguzi wa ngazi ya juu wanaoruhusiwa kupima wagonjwa na kuandika dawa wana mtihani wao. Cheti hudumu miaka minne, kisha lazima kihuishwe, kwa kuwa dawa mpya hutoka na taratibu hubadilika.

Kwa nini elimu hii ni muhimu kwako? Chukua mfano wa vinkristini, dawa inayotumika sana kwa watoto wenye saratani ya damu. Hutolewa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kwa makosa kwenye maji ya uti wa mgongo, huua. Watoto haohao huchomwa dawa nyingine, kama methotreksati, kwenye uti wa mgongo, ndiyo maana anayezishika lazima ajue kuzitenganisha.

Doksorubisini, ile dawa nyekundu, ina hatari yake pia. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama na kuacha kidonda kikubwa. Muuguzi aliyefundishwa huhakikisha sindano imekaa vizuri kabla ya kuifungulia, na anajua la kufanya haraka ikivuja.

Kabla dripu haijafunguliwa, uliza kwa upole mambo haya:

1. Dawa hii inaitwaje, na inaingia wapi?

2. Umepata mafunzo ya kutoa dawa za saratani? Kama bado, nani anakusimamia?

3. Uzito na urefu vimepimwa upya? Dozi nyingi hukokotolewa kwa vipimo hivyo, na mtoto hukua au hukonda kati ya mzunguko mmoja na mwingine.

4. Nikipata shida nyumbani usiku, nimpigie nani?

Muuguzi anayeijua kazi yake hatakasirika. Atakuuliza jina lako kamili hata kama anakufahamu, na mara nyingi atamwita mwenzake wahakiki dawa pamoja. Usione wanakuchelewesha. Usiporidhika na majibu, omba kuonana na muuguzi kiongozi wa wodi au daktari wako, lakini usiache matibabu na kurudi nyumbani.

Nawe una sehemu yako. Sindano ikianza kuwaka, kuuma au kuvimba wakati dawa inaingia, sema hapohapo, usivumilie. Mtoto mdogo hawezi kueleza, kwa hiyo mzazi utazame mkono wake na usikilize kilio chake.

Ukisharudi nyumbani, weka kipimajoto karibu. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, kwa kawaida hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimeze dawa ya kushusha homa ukasubiri kukuche. Ukifika, neno lako la kwanza liwe: "Natumia dawa za saratani."