Panya Aliyechelewa kwa Saa Moja

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Illinois, Marekani, panya zaidi ya 300 waliwekwa gizani, kila mmoja katika kizimba chake chenye gurudumu la kukimbilia. Panya ni mnyama wa usiku. Wakati wake ukifika hupanda gurudumu akakimbia, akichoka hulala, na hata asipoona jua wala taa kwa majuma kadhaa, mwili wake huendelea kuhesabu siku wenyewe. Kwa mbegu ya panya waliotumika pale, siku hiyo ya mwilini hupungua kidogo tu chini ya saa 24. Panya mmoja alikuwa na siku ya saa 24.8. Kila alipoamka alikuwa amechelewa zaidi kuliko jana yake, na baada ya wiki mbili hivi akawa anakimbia saa ambazo mwanzoni alikuwa usingizini.

Timu ya Joseph Takahashi ilikuwa inamsubiri panya wa namna hiyo, ingawa haikujua kama angepatikana. Baba wa panya huyo alikuwa amedungwa kemikali iitwayo ethilinitrosourea, ambayo maabara zote huiita ENU. Kazi ya kemikali hiyo ni kuharibu jeni, na huziharibu bila kuchagua.

DNA huandikwa kwa herufi nne za kikemia: A, T, G na C. ENU ikiingia mwilini hubandika kipande kidogo cha kaboni na haidrojeni juu ya baadhi ya herufi hizo. Seli inapojinakili ili igawanyike, herufi iliyobandikwa husomwa vibaya, na mahali palipokuwa na A pakaandikwa T au G. Kosa hilo likishanakiliwa halifutiki tena; hurithiwa na kila seli itakayotoka hapo. Kwa panya dume kinacholengwa ni seli mama za korodani, zile zinazozalisha mbegu za kiume maisha yake yote. Baada ya sindano, dume huwa tasa kwa miezi miwili mitatu, kisha uzazi hurudi, na kila mbegu inayotoka hubeba makosa yake. Mtoto mmoja anaweza kurithi mabadiliko zaidi ya elfu moja yaliyotawanyika katika DNA yenye herufi takriban bilioni 2.7. Mengi huangukia mahali pasipo na madhara. Machache hugonga jeni zinazofanya kazi, na hayo ndiyo yanayotafutwa.

Wazo la kuharibu ili kujua lilianza zamani. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kwamba miale ya eksirei hubadilisha jeni za nzi wa matunda. Katika Vita Kuu ya Pili, Charlotte Auerbach, mwanasayansi Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alifanya kazi Edinburgh pamoja na J. M. Robson na kugundua kwamba hata gesi ya haradali, ile silaha ya vitani, hufanya hivyo. Kwa kuwa ilikuwa siri ya vita, matokeo yao kamili yalisubiri hadi baada ya vita kuchapishwa.

Upande wa panya, ugunduzi mkubwa ulitoka Oak Ridge, Tennessee, mji uliojengwa kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki. William Russell na mkewe Liane walifuga panya huko ili wajue mionzi huwafanyia nini watoto ambao bado hawajazaliwa. Kipimo chao kilikuwa rahisi kwa mtu mwenye macho makini: jeni saba ambazo zikiharibika huonekana kwa nje, kwenye rangi ya manyoya au umbo la masikio. Mwaka 1979 kundi la William Russell lilitangaza kwamba ENU inazidi eksirei na kemikali zote zilizokuwa zimejaribiwa kwa panya. Tena eksirei mara nyingi hung'oa vipande vizima vya DNA, lakini ENU kwa kawaida hugusa herufi moja. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu magonjwa mengi ya kurithi ya binadamu nayo hutokana na herufi moja iliyokosewa. Jeni ya namna hiyo inaweza isife kabisa. Inaweza kulegea, au ikafanya kazi ambayo haikuumbiwa.

Kwa maoni yangu uzuri wa njia hii uko katika upofu wake. Mtafiti anayeanza na jeni fulani, akaizima na kuangalia matokeo, tayari amekisia kwamba jeni hiyo ina maana. Anayetumia ENU hakisii. Anaanza na swali la mwilini: nani hasikii, nani ana uvimbe, nani anachelewa kuamka? Akishampata mgonjwa ndipo anapoitafuta jeni. Kama hakuna aliyewahi kuisikia, ndiyo faida yenyewe.

Kuitafuta kulikuwa kibarua. Takahashi na wenzake, Martha Vitaterna akiwa mwandishi wa kwanza, walimtangaza panya wao mwaka 1994 na kuiita jeni hiyo Clock, kabla hawajajua imeandikwaje. Wazao wake waliozaliwa na nakala mbili mbovu za jeni hiyo walikuwa na siku ya saa 27 hadi 28, kisha wakikaa gizani mpangilio wote ukavurugika. Wakawa wanalala na kuamka ovyo. Watafiti walizalisha panya hao na mbegu nyingine, wakafuatilia ni kipande kipi cha kromosomu kinachoandamana na ugonjwa, wakaendelea kukipunguza kipande hicho. Mwaka 1997 jeni ikapatikana kwenye kromosomu ya 5: A moja imegeuka T, na kwa sababu hiyo protini imekosa sehemu yake. Wakawapandikizia panya wa namna hiyo kipande cha DNA kisicho na kosa, na saa ya mwilini ikarudi. Hiyo ilikuwa jeni ya kwanza ya saa ya mwili kupatikana kwa mamalia kwa njia hiyo, na binadamu anayo pia.

Clock ilijitokeza kwa watoto wa kwanza kwa sababu nakala moja mbovu ilitosha kuleta dalili. Jeni nyingi hazina haraka hiyo. Inabidi dume mwana azae mabinti, kisha azalishwe na mabinti hao hao, ndipo baadhi ya wajukuu wapate nakala mbili mbovu. Ni vizazi vitatu, vizimba vingi, na watu wa kuwapima panya mmoja mmoja. Kemikali yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama, ingawa haifai kuchezewa: ENU husababisha saratani, hushikwa kwa glavu ndani ya kabati lenye hewa ya kufyonza, na mabaki yake huharibiwa kwa kemikali nyingine kabla ya kutupwa.

Huko Wisconsin, kundi la William Dove, nalo likitumia ENU, liliona panya wenye upungufu wa damu. Walipopasuliwa, utumbo ulikuwa umejaa vivimbe. Walitangazwa mwaka 1990 kwa jina la Min, na mwaka 1992 ikabainika kwamba jeni iliyoharibika ni Apc, ndugu wa ile iliyokuwa imeonekana mwaka mmoja kabla kwa familia za watu wanaorithi saratani ya utumbo mpana. Mpaka leo Min ni miongoni mwa panya wanaotumika sana kujaribia kinga na dawa za saratani hiyo.

Mwingine anaitwa Beethoven, kwa sababu hupoteza usikivu kidogo kidogo mpaka akawa kiziwi. Alitoka katika mradi mkubwa wa ENU wa Munich, na mwaka 2002 kosa lake likapatikana katika jeni ya Tmc1. Baadaye familia moja ya China ilikutwa na uziwi unaotokana na kosa lilelile, mahali palepale pa protini. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitumia CRISPR, mkasi wa kukatia jeni, kuikata nakala mbovu katika masikio ya Beethoven wachanga, na usikivu wao ukaokolewa kwa kiasi. Wanaosema CRISPR imeifuta ENU wakumbuke hapa mkasi uliambiwa na nani pa kukata.

Kwetu sisi tunaoishi na malaria kuna kisa kingine. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi nakala moja ya jeni ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Je, kuna jeni nyingine za damu zenye siri kama hiyo? Watafiti wa Australia waliwadunga panya ENU, wakapima damu za watoto wao, wakapata kosa katika jeni ya Ank1, inayosaidia kuushikilia ukuta wa chembe nyekundu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Majike wenye nakala moja mbovu, walipoambukizwa Plasmodium chabaudi, malaria ambayo asili yake ni panya wa vichakani wa Afrika ya Kati, walipona kwa wingi zaidi, na vimelea damuni vilipungua kwa asilimia 30. Vimelea viliingia ndani ya chembe, kisha kati ya saa 6 na 8 vingi vikafia humo.

Hakuna daktari atakayempa mtu kosa la Ank1, kwa kuwa kwa binadamu huleta upungufu wa damu wa kurithi. Kinachotafutwa ni kile kinachokiua kimelea katika saa hizo chache, na kama dawa inaweza kufanya hivyo ndani ya chembe nzima. Dawa ya namna hiyo ingeilenga damu ya mgonjwa, si kimelea chenyewe, na kimelea kingepata taabu zaidi kujenga usugu dhidi ya kitu ambacho si chake.