Sumaku iliyomo ndani ya elektroni, na swali la mzee wa Nyakato



Siku moja baada ya Swala ya Alasiri, katika wiki ambazo dirisha la kubadili tahasusi za kidato cha tano lilikuwa wazi, mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Nyakato, Musoma, aliingia katika chumba kidogo tunachokitumia kama ofisi ya kamati ya msikiti. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi. Mkononi alishika karatasi yenye namba ya mtihani ya binti yake.

"Ustadh," alisema, "binti amejaza PCM. Naomba unifungulie kompyuta tumbadilishie. Asome masomo ya sanaa, amalize upesi, apate ualimu hapa hapa karibu. Nimemuuliza hiyo fizikia ina nini, ananieleza habari za elektroni yenye sumaku, sijui spini. Kitu kisichoonekana kwa macho kitamlisha nani?"

Mimi ni mhitimu wa chuo cha Kiislamu. Nikiulizwa mgawanyo wa mirathi, nina la kusema. Nikiulizwa habari za elektroni, sina. Hata hivyo niliona si haki kumfungia binti mlango ambao sisi wenyewe hatukujua unaelekea wapi. Nilimwomba mzee anipe siku tatu, kwa kuwa dirisha lilikuwa bado halijafungwa, nikamwendea mwalimu wa fizikia anayeswali nasi. Niliyoyapata nayaweka hapa, maana huenda wako wazazi wengine wenye swali kama hilo.

Spini ni nini?

Kila kitu kimejengwa kwa atomi, na ndani ya atomi mna elektroni, chembe ndogo yenye chaji hasi. Tunapowasha taa, elektroni husogea ndani ya waya, na msogeo huo ndio umeme tunaoulipia. Lakini mbali na chaji, elektroni ina sifa ya pili: kila moja ni mfano wa sumaku ndogo mno. Sifa hiyo ndiyo inayoitwa spini.

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Ujerumani, wanafizikia Otto Stern na Walther Gerlach waliipitisha miale ya atomi za madini ya fedha katikati ya sumaku ambayo nguvu yake haikuwa sawa pande zote. Kwa fikra za kale, atomi zile zingetawanyika na kuacha doa moja pana. Badala yake ziligawanyika makundi mawili, moja juu na moja chini, na katikati hapakuwa na kitu. Mwaka 1925, vijana wawili waliokuwa wakisoma Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walipendekeza kwamba elektroni ina mzunguko wake yenyewe, na hapo ndipo lilipotoka jina la spini.

Mwalimu alinionya nisilichukue jina hilo kwa maana yake ya juu juu. Elektroni haizunguki kama pia ya mtoto. Spini ni sifa ambayo elektroni inayo daima, kama ilivyo chaji yake, na kila ikipimwa hutoa jibu moja kati ya mawili: juu au chini.

Majibu hayo mawili yana faida gani? Kompyuta hutunza kila neno na kila hesabu kwa alama mbili tu, 0 na 1. Aliponiambia hivyo, niliitazama kompyuta yetu ya ofisini. Ni ya zamani, yenye diski ya sahani zinazozunguka ndani yake. Humo mna daftari la waumini, hesabu za mfuko wa maziko na kumbukumbu za kiwanja cha wakfu. Kila alama katika diski hiyo ni kipande kidogo cha sumaku kilichoelekezwa upande huu au ule.

Mwaka 1988, Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa kazi yake, waligundua jambo katika tabaka nyembamba za metali zilizopangwa moja juu ya nyingine. Sumaku za tabaka hizo zikielekea upande mmoja, umeme hupita kwa wepesi. Zikielekea pande zinazopingana, umeme huzuiwa. Sababu ni spini: elektroni huachwa ipite au husukumwa kando kwa kufuata mwelekeo wa sumaku yake. Ugunduzi huo ulitumika kutengeneza vichwa vya kusomea diski vyenye wepesi mkubwa wa kuhisi, vilivyoingia sokoni mwaka 1997, na wagunduzi wake wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2007. Kompyuta nyingi mpya zina hifadhi isiyo na sahani, inayotegemea chaji na si spini. Lakini katika mashine kuukuu kama yetu, kile kisichoonekana kwa macho ndicho kinachotusomea mipaka ya kiwanja cha wakfu.

Mahali padogo, majirani wengi

Binti wa mzee alikuwa amesoma habari za hatua iliyofuata, yaani spini ndani ya nusu-kipitishi. Hicho ni kitu ambacho hakipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala hakiuzuii kabisa kama mpira. Silikoni, iliyomo katika simu zetu na katika paneli za sola zilizo juu ya mapaa ya Nyakato, ni nusu-kipitishi. Galiamu asenidi ni nyingine.

Wataalamu huunda ndani ya vitu hivyo maumbo yanayopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na unywele wa binadamu una upana wa takriban nanomita 80,000. Kwa kupanga tabaka nyembamba na kuweka juu yake vijiti vidogo vya metali vyenye umeme, wanaweza kuinasa elektroni moja katika kishimo chenye upana wa makumi machache ya nanomita. Kishimo hicho huitwa nukta ya kwantamu. Mwaka 1998, Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza kwamba spini ya elektroni iliyonaswa hivyo itumike kubeba habari katika kompyuta ya aina mpya, kompyuta ya kwantamu. Humo spini, kabla ya kupimwa, huweza kuwa katika hali inayochanganya juu na chini, na hilo hufungua njia za kukokotoa baadhi ya hesabu ambazo kompyuta za kawaida hazinazo.

Ugumu uko katika kuitunza hali hiyo. Elektroni ndani ya nukta haiko peke yake, kwani imezungukwa na viini vya atomi. Katika galiamu asenidi, kila kiini kina sumaku yake dhaifu, na vurugu za viini hivyo huiharibu hali ya spini katika muda wa takriban sehemu kumi za bilioni ya sekunde. Katika silikoni, viini vyenye sumaku ni chini ya vitano katika kila mia, na hata hivyo vichache vinaweza kuondolewa kwa kuisafisha. Mwaka 2014, watafiti wa Sydney, Australia, walitangaza kwamba katika silikoni iliyosafishwa, iliyopoozwa hadi kukaribia nyuzi 273 chini ya sifuri, hali ya spini ilidumu kwa sehemu 120 za milioni ya sekunde. Huo ni muda mrefu zaidi ya ule wa kwanza kwa mara elfu kumi hivi. Elektroni ni ile ile. Kilichobadilika ni majirani zake.

Mlango hauko mbali

Hofu yangu ilikuwa kwamba elimu hii ni ya Ulaya na Marekani peke yake. Ni kweli kwamba mitambo ya kupooza vitu kiasi hicho ina gharama kubwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni hesabu: kukokotoa kwa kompyuta jinsi elektroni na spini zake zitakavyokuwa ndani ya kitu fulani, hata kabla kitu chenyewe hakijatengenezwa. Zipo programu za kufanyia kazi hiyo ambazo hutolewa bure.

Kwa ajili hiyo iko shule ya Afrika inayoitwa ASESMA, inayowakutanisha vijana wa bara hili na wataalamu wa kukokotoa tabia za elektroni. Ilianza Cape Town mwaka 2010, na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, Kenya. Kutoka Musoma, mtu huvuka mpaka pale Sirari akawa katika nchi hiyo. Mwaka 2018 ilifunguliwa Kigali taasisi ya utafiti wa fizikia ya Afrika Mashariki, EAIFR, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha Trieste, Italia. Hapa nchini, Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetafiti kwa miaka mingi tando nyembamba za kutumika katika nishati ya jua, na miongoni mwa watafiti wake yumo mwanamke, Dk. Margaret Samiji. Huo si utafiti wa spini, lakini msingi wake ni ule ule wa kujua elektroni hufanya nini ndani ya nusu-kipitishi.

Upande wa gharama, tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali imefutwa, na upo ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Lakini nauli, godoro, madaftari na mahitaji ya bweni vinabaki kwa mzazi, na mzigo huo si mdogo.

Siku ya tatu

Mzee alirudi, safari hii akiwa na binti yake. Nilimweleza kama nilivyokuelezeni. Nilipofika kwenye viini na vurugu zake alicheka, akasema, "Kumbe hata elektroni huharibiwa na majirani!" Nikamkumbusha mfano anaoujua kila Muislamu, wa muuza miski na mfua chuma.

Kisha akamgeukia binti, na kwa jinsi nilivyowaona, hilo hakuwa amemuuliza kabla. "Wewe mwenyewe, mama, unataka nini?"

"Baba, nataka kujua sumaku inavuta kwa nini. Na kama ni ualimu, walimu wa fizikia ni wachache kuliko wa sanaa. Nikirudi na PCM, nitaupata."

Mzee alinyamaza kitambo. Aliuliza bweni litakuwa mkoa gani, nami sikuwa na jibu. Aliuliza kama kamati inaweza kusaidia nauli, nikamwambia nitalipeleka suala hilo kikaoni. Kikao bado hakijakaa. Mwisho akaikunja karatasi yake na kuitia mfukoni. "Basi, Ustadh, izime hiyo kompyuta."

Ndugu mzazi, una haki ya kuhofia umbali na gharama, na hofu hiyo inastahili kujadiliwa nyumbani kwa uwazi. Lakini usiifute tahasusi ya mwanao kwa sababu tu hujalielewa alilolisoma. Mkalishe, umuulize, kisha umtafute anayelijua kabla dirisha halijafungwa.

Wabillah tawfiq.